Maua ya manjano kwenye malisho: vunja shina kwanza

Dada wa Njoro, umeuliza kama yale maua ya manjano yaliyojaa kwenye malisho yako ni mchunga, lile gugu la majani machungu, na kama unaweza kumkatia ng'ombe. Usimkatie bado. Maua ya manjano ni mengi, na mengine yana sumu.

Chuma moja, ulivunje shina. Likitoa utomvu mweupe kama maziwa, ule unaonata vidoleni, hapo huenda uko kwenye ukoo wa mchunga. Ua likizeeka hugeuka kijipamba cheupe, ukipuliza kinapeperuka. Sungura wangu huugombania.

Lisipotoa maziwa, na maua ni madogo yaliyojikusanya kileleni, shuku senesio, jamii ya magugu yenye sumu. Huku kwetu nyanda za juu zipo aina kadhaa. Sumu yake hula ini la mnyama polepole, na haipotei ukiyakausha majani. Kwa kweli makavu ndiyo ya kuogopa zaidi, maana yakishachanganyika na nyasi ng'ombe hawezi kuyabagua. Yang'oe kabla hayajatoa mbegu, na uvae glavu. Kama ng'ombe ameshakula na anakonda, muite daktari wa mifugo leo hii.

Mchunga nao usiukatekate kwa jembe. Kuna aina inayotambaa kwa mizizi chini ya udongo, na kila kipande kinachobaki huota upya. Mimi nilimaliza msimu mzima nikiupanda katikati ya mahindi, nikidhani napalilia! Tumia uma wa bustani, na mvua ikishalainisha udongo, ufuate mzizi hadi mwisho.