Shangazi Anajibu: Saa nane usiku kichwa hakitulii

SWALI: Shikamoo Shangazi. Nina miaka 34, nafanya kazi ya uhasibu. Karibu kila usiku nashtuka saa nane, na mawazo yananivamia: ile taarifa ya mwisho wa mwezi nilikosea? Mbona bosi aliniangalia vile? Nikifukuzwa, ada ya watoto atalipa nani? Najiambia "acha kuwaza", ndiyo kwanza yanazidi. Nifanyeje?
*Mkesha, msomaji wako*

JIBU: Marahaba, mwanangu. Pole sana. Hapo uliposema ukijizuia yanazidi, umegusa penyewe, na wala si udhaifu wako. Mwaka 1987 mwanasaikolojia Daniel Wegner na wenzake wa Marekani waliwataka watu wakae dakika 5 bila kumfikiria dubu mweupe, na kila akiwajia wapige kengele. Kengele zililia. Baadaye waliporuhusiwa kumfikiria, walimfikiria kuliko wenzao ambao hawakukatazwa tangu mwanzo. Ndiyo maana sitakuambia usiwaze. Waza, ila kwa miadi.

Njia hii mwanasaikolojia Thomas Borkovec na wenzake waliipima mwaka 1983 kwa watu wenye wasiwasi, na iliwapunguzia. Tenga nusu saa kila siku, saa ileile, mahali palepale, ya kuwaza tu. Kwako wewe naona saa kumi na mbili jioni inafaa. Usikae kitandani, na usiisogeze karibu na kulala. Mchana wazo likija, andika neno moja tu, "taarifa" au "ada", uliambie "tuonane saa kumi na mbili", kisha urudi kwenye kazi iliyo mbele yako. Litakuja tena, nawe uliahirishe tena, bila kujigombeza. Wengi huachia hapa wakidhani njia imeshindwa, kumbe huko kuahirisha mara kwa mara ndiyo njia yenyewe.

Saa ikifika, kaa na karatasi. Kila wazo liulize: kuna la kufanya? Kwenye taarifa lipo. Lakini usiandike "nitakuwa makini zaidi", maana hujui pa kuanzia. Andika hivi: "Kesho nikishawasha kompyuta, kabla sijafungua barua pepe, nitalinganisha jumla ya taarifa na leja." Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer ameonyesha kwamba mpango unaotaja lini na wapi hutekelezwa zaidi kuliko nia tupu. Ada nayo ina hatua: andika akiba uliyonayo inatosha miezi mingapi. Jicho la bosi halina hatua yoyote. Andika "sijui alikuwa anawaza nini", uvuke. Nusu saa ikiisha, kunja karatasi, inuka.

Sasa hiyo saa nane. Ukiona usingizi umekataa, kwa kukisia tu kama dakika 20 hivi, toka kitandani. Usitazame saa. Kaa kwenye mwanga hafifu, soma kitu kisichokusisimua, urudi usingizi ukikubana. Mwanasaikolojia Richard Bootzin alianza kufundisha hivi mwaka 1972, kwa sababu mtu akigaagaa kila usiku, mwili huzoea kwamba kitanda ni mahali pa kukesha. Asubuhi amka saa yako ileile hata kama umelala kidogo. Siku za mwanzo utachoka, sikufichi. Na simu, tafadhali mwanangu, ilale chumba kingine. Hapo sina mjadala.

Jipe wiki kadhaa. Lakini kama huzuni imekukaa zaidi ya wiki mbili, hamu ya chakula na ya watu imepotea, au usingizi haujarudi hata baada ya haya yote, muone daktari au mtaalamu wa saikolojia, uende na karatasi zako azisome. Likikujia wazo la kujidhuru, hilo haliahirishwi: mwamshe mtu nyumbani usiku huohuo, mwende hospitali pamoja.