Mkuu, usianzie 1980: Rex Nhongo na Jenerali Mujuru ni mtu mmoja

Simamisha hiyo kazi yako ya kuandika kwanza. Unauliza habari za vyeo, nishani na mafunzo ya Jenerali Solomon Mujuru wa Zimbabwe, halafu unasema utaanzia 1980, mwaka wa uhuru, na "yule Nhongo wa ZANLA", jeshi la msituni la chama cha ZANU, utamtengea sura yake. Nhongo ndiye Mujuru! Rex Nhongo ni jina lake la msituni.

Mimi nimeungua hapo hapo. Nilichapisha kijitabu, nakala 300, kwa mkopo wa SACCOS. Mwanzoni nikamweka Rex Nhongo, kamanda wa ZIPA, jeshi lililounganisha wapiganaji wa ZANLA na wa ZIPRA, jeshi la chama cha ZAPU. Mbele huko nikamleta Solomon Mujuru, mkuu wa jeshi tangu 1981, bila kusema katokea wapi. Kibaya zaidi, nilipoona Nhongo hatajwi tena baada ya uhuru, nikaandika kwamba huenda wenzake walimmaliza. Nilimzika kwa kalamu mtu aliyekuwa akikagua gwaride Harare.

Mzee mmoja wa Iringa, aliyekuwa akiuza mahindi karibu na Mgagao enzi wapiganaji wa ZANLA wanafunzwa pale, akanipigia: "Mjukuu wangu, hawa wawili wako ni mtu mmoja." Usiku ule sikulala. Vijitabu viko kwenye maboksi hadi leo, na mkopo nimeumaliza mwaka jana.

Aliyeniponza ni mhariri niliyemlipa. Nilimuuliza kuhusu majina ya msituni, akaniambia hayana maana, nifuate orodha ya maofisa ya baada ya uhuru. Hela yake alichukua yote, na simu zangu hapokei. Nina hasira naye mpaka kesho.

Ukianzia 1980 unaitupa roho ya habari yenyewe. Machi 1975 Herbert Chitepo, kiongozi wa ZANU, anauawa kwa bomu Lusaka, Zambia inamkamata mkuu wa ZANLA, Josiah Tongogara, na makamanda wengine kwa kushukiwa mauaji hayo, na Nhongo ambaye hakufungwa ndiye anayewashika wapiganaji. Desemba 1979, siku chache tu baada ya mkataba wa Lancaster House uliomaliza vita, Tongogara anakufa kwa ajali ya gari Msumbiji. Pengo linamwangukia Nhongo. Bila hayo utaelezaje kwa nini yeye ndiye aliyekabidhiwa jeshi lenye ZANLA, ZIPRA na askari wa Rhodesia, yaani Zimbabwe ya kabla ya uhuru, watu waliokuwa wakiwindana juzi tu?

Kwa hiyo kabla ya sentensi ya kwanza, andika kwa kila kamanda jina la nyumbani na la msituni. Waliyaficha ya nyumbani ili ndugu zao wasisumbuliwe na polisi wa Rhodesia. Vitalis Zvinavashe, aliyempokea Mujuru jeshi 1992, alikuwa Sheba Gava. Joice, mke wa Mujuru, alikuwa Teurai Ropa. Perrance Shiri ndiye wa kukuchanganya zaidi: hilo ndilo la msituni, na alibaki nalo hata alipoongoza jeshi la anga.

Umesema Jumatatu kazi inakwenda kwa mchapaji. Mpigie leo, mwambie asubiri.