Likizo Niliyoichezea na Likizo Iliyoniokoa

Juzi nilipata ujumbe kutoka kwa mama mmoja wa Manyoni. Mwanawe amefanya mtihani wa darasa la saba mwezi wa tisa na sasa yuko nyumbani mpaka Januari. Mama anauliza kuhusu masomo ya kulipia ya kumwandaa mtoto kwa Kidato cha Kwanza: "Dada, nimpeleke pre-form one? Wanataka laki moja na nusu, nami sina."

Niliusoma nikiwa kazini, mapokezi, hapa Arusha. Siku hiyo nilikuwa na furaha yangu. Asubuhi bosi alitangaza mbele ya wenzangu kwamba kuanzia mwezi ujao barua zote za Kiingereza za ofisi zitapita kwanza mikononi mwangu. Mimi, mtoto wa Iramba! Lakini ujumbe wa mama yule ulinirudisha mwaka 2004, nikajikuta machozi yananilengalenga mbele ya wageni.

Nilimaliza darasa la saba mwaka 2003. Kutoka mtihani ule hadi Januari ni zaidi ya miezi mitatu, na yote niliichezea. Nilichota maji, nilichunga mbuzi, nilimsaidia mama kuuza vitumbua, jioni nikacheza rede. Kiingereza sikukigusa hata siku moja. Kwangu kilikuwa lugha ya tatu: Kinyiramba kwa bibi, Kiswahili shuleni na sokoni, Kiingereza kwenye kipindi kimoja tu ambacho mwalimu mwenyewe alikifundisha kwa Kiswahili. Nilijua kwamba sekondari masomo yote, isipokuwa Kiswahili, yalikuwa kwa Kiingereza. Nilijua hivyo kama mtu anavyojua kwamba bahari ni kubwa ilhali hajawahi kuiona.

Wiki za mwanzo za Kidato cha Kwanza walitufundisha Kiingereza cha kutuandaa, zikapita haraka. Kisha ikaja Baiolojia. Mwalimu akauliza mmea unatengenezaje chakula chake. Nililijua jibu! Tangu shule ya msingi nilikuwa nalo kichwani: usanisinuru, mwanga wa jua, maji, hewa ya kabonidioksaidi, umbijani kwenye jani. Nikanyoosha mkono, nikasimama, nikaanza kwa Kiswahili. Akanikata: "In English!" Nikasema kitu kama "the plant it cook food." Darasa zima likaangua kicheko. Nikavishwa kibao shingoni, kile cha waliokutwa wakiongea Kiswahili, nikashinda nacho mpaka kengele ya jioni.

Miaka zaidi ya 20 imepita na bado nasema: nililijua jibu. Maarifa nilikuwa nayo yote, nilichokosa ni maneno sita au saba tu. Nilitembea kwenda nyumbani nikiamini kwamba mimi ni mjinga, na msichana wa miaka kumi na minne akishaamini hivyo, kumtoa huko ni kazi kubwa.

Kilichonitoa ni likizo ya Juni. Kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, alikuwa Kidato cha Tatu, akanipa madaftari yake ya zamani ya Baiolojia na Jiografia. Mimi nilikuwa na vitabu vyangu vya shule ya msingi. Nikachukua daftari, nikapiga mstari katikati ya kila ukurasa: kushoto nikaandika ninachokijua kwa Kiswahili, kulia nikatafuta mwenzake. Usanisinuru, photosynthesis. Mmeng'enyo wa chakula, digestion. Msuguano, friction. Mmomonyoko wa udongo, soil erosion, ambao niliuona kila siku kwenye makorongo nilikochungia mbuzi. Hata KDS (kigawe kidogo cha shirika) iliyokuwa ikinisumbua kwenye hesabu, kumbe ndiyo LCM.

Hapo ndipo nilipofumbuka macho. Sikuwa na kitu kipya cha kujifunza, nilikuwa na kitu cha kudurusu. Ushauri wangu wote uko hapo: mtoto aliyemaliza darasa la saba asikimbilie kusomeshwa mada mpya za Kidato cha Kwanza. Arudie anachokijua, kwa maneno mapya.

Tena arudie kwa sauti, maana kusoma kimyakimya hakumsaidii mtu kuongea. Mimi msikilizaji wangu alikuwa bibi, ambaye hakujua Kiingereza hata salamu. Kila jioni baada ya kula nilimsimulia siku yangu kwa Kiswahili, halafu nikaisimulia upya kwa Kiingereza, naye akanyamaza akinisikiliza mpaka mwisho. Siku nikikwama kuliko kawaida alisema, "Leo umekwama sana, mjukuu wangu, kesho utapita." Hakuwahi kunicheka. Kwa anayejifunza lugha, msikilizaji asiyecheka ana thamani kuliko mwalimu wa kulipwa.

Niliyokwama nayo mengi yalitokana na Kiswahili chenyewe, na mpaka leo nawasikia vijana wakikwama palepale. Sisi tuna "yeye" tu, kwa hiyo ulimi unachukua he au she bila kujali anayetajwa ni baba au mama. Sisi tunaongeza -ni na mambo yameisha: mezani, mfukoni, nyumbani. Kiingereza kinataka on the table, in the pocket, at home, na kila kimoja lazima ukizoee peke yake. Sisi -li- inatosha kwa kila kitenzi, nilikwenda, nilikula, nilinunua. Wao wana went, ate, bought. Nilijipangia vitatu kwa siku, nikavitamka nikichunga, na likizo ilipoisha nilikuwa na 80 na ushee. Vitatu tu kwa siku!

Kuna na zawadi tuliyopewa bila kuiomba. Sauti ya th inayowatesa watu wa mataifa mengi, sisi tunayo kwenye "thelathini" na kwenye "dhahabu". Anayetamka "thamani" vizuri hana sababu ya kusema "sink" akikusudia think. Mwambie mtoto hilo siku ya kwanza. Anahitaji kusikia kwamba ana kitu tayari.

Tahajia ndiyo mtihani. Kiswahili unakisoma kama kilivyoandikwa. Kiingereza kina though, through, tough na cough, herufi nne za mwisho zilezile na sauti nne tofauti. Hapo hakuna kanuni itakayokuokoa, ni masikio. Baba alikuwa na redio ya betri aliyosikilizia Dira ya Dunia, na taarifa ikiisha nilimwomba anitafutie idhaa ya Kiingereza kwenye mawimbi mafupi. Ilikoroma, nikaelewa neno moja katika kumi, lakini nikaendelea. Leo mwenye simu na bando kidogo anapata bure kipindi cha dakika 6 cha BBC Learning English. Sikiliza, rudia kwa sauti. Kesho yake kipindi kilekile, rudia tena kwa sauti. Najua narudia jambo moja, na nitalirudia, kwa sababu ndilo lililofanya kazi.

Julai niliporudi shule sikuwa nimekuwa Mwingereza. Lakini mwalimu yuleyule aliuliza swali, nikasimama, nikajibu sentensi nne. Zilikuwa na makosa. Hakuna aliyecheka.

Wazazi, nawaomba jambo. Msiwaamshe watoto alfajiri kuwakemea kwamba Januari wataaibika. Hofu haijawahi kumfundisha mtu kuongea, inamfundisha kunyamaza. Nanyi walimu mnaoning'iniza vibao shingoni mwa watoto, mimi nilikivaa, na hakikunifundisha neno hata moja la Kiingereza. Kilinifundisha kutonyoosha mkono, nikakaa hivyo miezi mitatu huku majibu ninayo. Mtoto anayejibu sahihi kwa Kiswahili amejibu sahihi. Mpe neno analolikosa, aliseme, akae.

Mama wa Manyoni nilimjibu hivi: laki na nusu akiipata anunue sare na madaftari. Atoe daftari moja, kijana alipige mstari katikati. Kila jioni amsimulie jinsi jambo moja la nyumbani linavyofanyika, kwanza kwa Kiswahili, halafu kwa Kiingereza, naye mama asimkatize.

Jana usiku alinitumia sauti ya sekunde 40. Kijana anaeleza jinsi baba yake anavyojenga banda la kuku, anasitasita, anaanza upya, na anamtaja baba yake kwa she mwanzo mpaka mwisho. Nyuma yake mama amenyamaza kimya. Nimeisikiliza mara nne.