Kwa nini mpiga koto husogeza vitegemeo vya nyuzi onyesho likiendelea?

SWALI: Mhariri, nilihudhuria onyesho la muziki wa jadi wa Kijapani mjini Kyoto, ambapo mmoja alipiga koto, ala ndefu ya nyuzi inayolazwa, na mwenzake shamiseni, ala ya nyuzi yenye shingo kama gitaa. Mpiga koto alisogeza vitegemeo vya nyuzi kila baada ya wimbo, na mara moja hata katikati ya wimbo, ilhali shamiseni ilivuma kana kwamba uzi wake mmoja umelegea. Je, vyombo vilikuwa vibovu?

JIBU: La, vilikuwa vizima. Koto, yenye urefu wa karibu sentimita 180, huwa na nyuzi 13, na kila uzi huinuliwa na kitegemeo chake ambacho hakikugundishwa popote, kwa hiyo mahali kinaposimama ndipo panapoamua sauti ya uzi huo. Kwa kuwa nyimbo hutofautiana katika mpangilio wa sauti, mpigaji hana budi kuvisogeza, na zipo tungo ambazo mtunzi mwenyewe ameagiza mpangilio ubadilike kabla hazijaisha.

Kuhusu shamiseni, ule mvumo umekusudiwa. Chombo hiki kina nyuzi tatu, na ule mnene kuliko zote haupiti juu ya kitegemeo cha shingoni kama wenzake, bali hulala karibu na mti wenyewe na kuugusagusa unapotikisika. Wajapani huuita mvumo huo sawari, na shamiseni isiyoutoa ndiyo huhesabiwa kuwa na kasoro. Nyuzi nyingine zikipigwa kwa sauti zinazopatana na ule mnene, nao huitikia bila kuguswa.

Hukuuliza kuhusu mkono wa kushoto wa mpiga koto, nami naona ndio wenye mengi ya kutazamwa. Wakati mkono wa kulia, uliovaa kucha bandia kwenye vidole vitatu, unadonoa nyuzi, wa kushoto huubonyeza uzi ng'ambo ya kitegemeo ili sauti ipande, au huuvuta kidogo ili ishuke huku ikififia. Utausikia vizuri ustadi huo katika Rokudan, utungo wa sehemu sita unaonasibishwa na Yatsuhashi Kengyō (1614–1685), ambao huanza taratibu mno, jambo linalowachosha wasio na subira, kisha huongeza kasi hadi karibu na mwisho. Koto ikilazwa sambamba na jukwaa, mpigaji akiwa ameielekea hadhira, keti upande wa kulia wa ukumbi, ndiko mkono huo uliko.