Kujitolea kufundisha Pate: majibu kwa walioniandikia

Barua za safari hii nyingi zimetoka kwa vijana wa bara waliomaliza chuo cha ualimu. Wamesikia kwamba visiwani Lamu mtu anaweza kufundisha kwa kujitolea huku akikaa na familia. Karibu wote wanaulizia Pate, kwa hiyo nami nitabaki huko huko.

Shikamoo mwalimu. Nina diploma ila sina nambari ya TSC, tume ya walimu, bado. Nikija bila kudai mshahara, kuna shida? Rafiki yangu Mjerumani pia anataka kuja. (Machakos)

Marahaba. Shida ipo. Sheria ya TSC ya mwaka 2012 inataka anayefundisha shuleni awe amesajiliwa, na mwalimu mkuu makini hatakukabidhi darasa kwa sababu tu wewe ni wa bure. Anza usajili sasa hivi, pamoja na cheti cha tabia njema cha DCI, idara ya upelelezi wa jinai. Kama umebanwa na hamu, omba kukaa pembeni ya mwalimu wa darasa uwasaidie watoto wanaochelewa kusoma. Kazi hiyo haina sifa nyingi lakini ndiyo inayokosa watu. Huyo rafiki yako naye aulize Uhamiaji kibali kinachomfaa kabla hajakata tiketi. Ruhusa ya utalii si ruhusa ya kazi, hata isiyo na malipo.

Nitakaa na familia Siyu, kisiwani Pate. Nimeambiwa hawataki kodi. Nikitoa pesa naona kama nawatusi, nisipotoa naona haya. Nifanyeje? (Nyeri)

Kodi hawataki, lakini wewe unakula, mwanangu. Samaki na nazi wanazo. Mchele, unga, sukari na gesi huja kwa boti, na bei yake imeshabeba nauli. Mdomo mmoja zaidi kwa muhula mzima si jambo dogo katika nyumba ya mvuvi, na hakuna atakayekwambia.

Usimpe baba wa nyumba noti barazani mbele ya wenzake. Ataikataa, hata kama kesho hana ya mafuta. Zungumza na mama wa nyumba mkiwa wawili, tena wiki ya kwanza, kabla mazoea hayajaingia: "Mama, mchele wa nyumba hii niachie mimi." Mchele unapokeleka kuliko pesa. Ununue Lamu mjini kabla ya kupanda boti, na ukiisha usingoje kuambiwa, chungulia gunia mwenyewe.

Halafu kuna maji. Visima vingi vina chumvichumvi, na maji matamu ni ya mvua yaliyokingwa kwenye jabia, yaani birika la kuwekea maji. Mvua ikichelewa, kila ndoo ina hesabu yake. Oga kwa ndoo moja na uache nusu ikiwezekana. Mgeni anayeosha nywele kila asubuhi wakati wa kiangazi husemwa kijiji kizima, kwa upole, lakini husemwa.

Kama ni shirika linalokupeleka na limekutoza ada, liulize waziwazi ni kiasi gani kinafika jikoni kwa huyo mama. Wakibabaika, umeshapata jibu.

Mimi ni mwanamume. Kweli lazima nipige hodi kila niingiapo, na mimi naishi humo humo? (Eldoret)

Kila uingiapo. Wenye nyumba wapate nafasi ya kujitanda. Huenda ukapewa sabule, chumba cha wageni, ili uingie na kutoka bila kupita ndani. Usihisi umetengwa. Jioni nenda barazani ukakae na wanaume. Habari za wazazi wa wanafunzi wako utazipata pale, si katika mkutano wa shule.

Nitafundisha hisabati gredi ya nne. Watoto ambao hawajapanda hata matatu nitawaelezaje maswali ya vitabuni? (Kitui)

Waulize maji. Maji kujaa huchelewa kama dakika 50 kila siku. Andika ubaoni: leo yamejaa saa nne kamili, kesho yatajaa saa ngapi? Saa tano kasoro dakika kumi. Na keshokutwa? Mtoto wa mvuvi atakujibu kabla hujageuka, kisha atakukumbusha bamvua, siku za maji makubwa, inaanza lini na kwa nini baba yake hatoki siku hiyo. Sasa wewe una kazi ya kumwonyesha kwamba alichofanya kichwani ndicho hicho kitabu kinachokitaka kwa kalamu.

Na usimwite mzito mtoto anayekwama kwenye kitabu cha Kiingereza. Wengi wameanza na alifu-be-te, na huenda huyo huyo anasoma msahafu bila kusita. Kukaa na maandishi anakujua. Alichokosa ni lugha. Ndiyo maana pia nasema usitangaze tuisheni ya alasiri kabla hujaonana na ustadhi wa madrasa. Saa hizo zina mwenyewe.

Njoo muhula unapofungua, ondoka unapofungwa. Anayekuja wiki tatu katikati huwaachia wenzake darasa lililovurugika na mada mbili nusunusu.

Naogopa bahari. Nije mwezi gani? (Nakuru)

Muhula wa Januari utakufaa. Ni msimu wa upepo wa kaskazi, na bahari ya kwetu huwa nyepesi kuliko mwezi wa sita na wa saba kusi inapovuma kwa nguvu. Sehemu kubwa ya njia mtakuwa mmekingwa na kisiwa cha Manda, mkipita Mkanda, mlango wa maji kati ya Manda na bara, katikati ya mikoko. Pale maji ni haba yakipwa, kwa hiyo saa ya kuondoka hufuata maji wala si ratiba. Uliza nahodha jana yake. Boti nyingi hushusha Mtangawanda, gati ya Pate. Vaa jaketi la kuokolea hata kama wenyeji hawavai. Ukiona chombo kimejaa kupita kiasi, shuka, ungoje cha kesho.

Naweza kuweka picha za wanafunzi wangu mtandaoni? (Thika)

Bila ridhaa ya wazazi na mwalimu mkuu, hapana. Na za ndani ya nyumba ya mwenyeji, hata usiombe.