Kwa dogo dizaina aliyeuliza kama Mwanza inalipa, au apande basi la Dar

Mdogo wangu, umeandika kwamba umemaliza chuo mwaka jana, unadizaini nembo na mabango hapa Mwanza, na kila mtu anakusukuma uende Dar kwa kuwa huku hakuna kazi ya ubunifu. Chini kabisa ukauliza usome nini. Wakuu wengi wamekujibu la Dar, la kusoma wameliruka. Mimi nina miaka 12 kwenye kazi hii, miwili kati ya hiyo nilikaa Dar, na kwangu hayo maswali mawili yanakwenda pamoja.

Ngoja nikueleze kilichonigeuza. Nilipewa oda ya bango la tamasha, lile turubai la plastiki, mita 6 kwa 3. Nilikesha siku tatu nikihangaika na herufi zake tu. Tamasha likaanza Jumamosi, Jumapili likaisha. Wiki kadhaa baadaye nikaenda mwalo mmoja, pale wavuvi wanaposhushia samaki, nje ya mji kupiga picha za kazi nyingine, nikakuta mama mmoja ameanika dagaa juu ya bango langu. Upande wa maandishi uko juu, dagaa wametandazwa kuanzia kwenye tarehe mpaka kwenye majina ya wadhamini. Jua lilikuwa limeshaibandua rangi, na alipowageuza kwa fagio, wengine walikuwa na ubluu tumboni. Bluu ile niliichagua mimi.

Yule mama singeweza kumlaumu hata kidogo. Dagaa wa kuanikwa mchangani bei yake huwa chini, mnunuzi hataki kutafuna mchanga. Turubai ni gumu na kalipata bure. Mimi ndiye niliyetengeneza kitu cha siku mbili kwa malighafi isiyooza, bila kujiuliza Jumatatu kitakuwa wapi.

Hapo ndipo nilipoanza kusoma kwa njaa. Nilitaka kwanza kujua lile turubai ni kitu gani. Kumbe ndani ni wavu wa nyuzi za poliesta, juu na chini umepakwa plastiki iitwayo PVC, na kwa kuwa vimegandishwa pamoja, kuvitenganisha ili vitumike tena ni kazi kubwa. Ukilichoma, PVC ina klorini, moshi wake ni sumu. Basi linabaki kuwa paa la choo, au pazia la banda la kuku, na vipande vinavyochanika mvua inavisomba mpaka mto Mirongo. Mirongo unaingia ziwani. Maji ya bomba tunayokunywa hapa mjini yanavutwa kutoka ziwa hilo hilo.

Tangu siku hiyo kila malighafi naisoma kabla sijaigusa. Serikali ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019, wateja wangu walimiminika wakitaka nembo kwenye mifuko mbadala. Ile laini inayofanana na kitambaa ni polipropilini, plastiki ile ile kwa sura nyingine. Imara zaidi, sawa, na ukiitumia mara nyingi ina faida. Ila mteja akiniambia niandike juu yake kwamba ni rafiki wa mazingira, namweleza ni nini, halafu tunatafuta maneno mengine.

Sasa usome nini? Vya fani yako, ndiyo: herufi, rangi, karatasi. Ila soma pia kitabu kirefu cha watu wa hapa, na usikikimbize. Mimi nilimsoma Aniceti Kitereza, mwandishi wa kisiwani Ukerewe. Alimaliza mswada wake kwa Kikerewe mwaka 1945, hakupata wa kuuchapa, akautafsiri kwa Kiswahili kwa mkono wake mwenyewe. Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka kikachapwa mwaka 1980, na mwaka uliofuata akafariki. Anakueleza watu wanavyolima, wanavyotengeneza pombe ya ndizi, wanavyopokea mgeni, bila haraka yoyote, hatua kwa hatua. Nilikisoma kwa miezi minne. Nilipomaliza nilikuwa naangalia kibuyu, ungo na mtego wa samaki kwa jicho jingine kabisa. Naamini hakuna darasa la kompyuta lingenipa hilo jicho.

Ukishakuwa nalo, mji wenyewe unakuwa kitabu. Nenda Makoroboi, ukae nusu saa tu. Jina la pale linatokana na koroboi, taa za kopo. Chukua koroboi moja uishike: tumbo ni kopo la maziwa au la rangi, shingo ni kimrija cha bati, utambi ni pamba. Ukichungulia ndani wakati mwingine unaona maandishi ya kiwandani bado yapo. Ile ni dizaini iliyokamilika kuliko nembo zangu nyingi.

Halafu kuna mzee mmoja Igogo anayechora mabango ya maduka kwa brashi. Siku ya kwanza nilimpelekea mchoro wangu wa kompyuta. Akapiga mistari miwili, wa juu na wa chini, kwa uzi uliopakwa chaki, akauvuta na kuuachia, taa! Akaandika. Alipofika kwenye O, akaipitisha mistari yote miwili, kidogo juu na kidogo chini. Nikamwambia, mzee, imezidi. Akanijibu bila kugeuka, “O isipochungulia nje itaonekana imedumaa.” Nilikuwa nimelisoma jambo hilo kwenye kitabu cha herufi, na nilikuwa nimelisahau. Yeye hajawahi kukiona hicho kitabu. Leo kazi za maduka nyingi nampelekea yeye: bati na rangi ya mafuta. Likipauka, analipaka upya hapo hapo.

Si kila kitu kimefaulu, nisikudanganye. Nilifunga dagaa wa mteja mmoja wa Kirumba kwenye karatasi za kaki, wino rangi moja, zikapendeza sana. Masika yalipoingia dagaa wakalainika na kuanza kunuka. Dagaa ana mafuta. Hewa na unyevu vikimfikia anaharibika, na karatasi tupu haizuii kimojawapo. Mteja alipoteza mzigo, nikamrudishia pesa yangu yote ya kazi. Iliniuma, na ilikuwa haki yake. Tulichofanya baadaye ni ndoo zenye mfuniko wa kubana, zinakaa dukani, mnunuzi anakuja na chombo chake anapimiwa, ndoo ikiisha inarudi kujazwa. Nikadizaini lebo ya ndoo badala ya ya pakiti. Wanaosafiri bado wanafungiwa plastiki, hilo sijalipatia jibu, na bado linaninyima usingizi.

Dar nilipata pesa zaidi, ni kweli. Lakini kule faili likishatoka kwangu sikuona tena linakoishia. Hapa natoka nyumbani nakutana na kazi zangu njiani, nzuri na mbovu, na watu wananisimamisha kuniambia kilichoharibika. Kama una deni au familia inakutegemea, nenda Dar, hakuna atakayekulaumu. Kama unaweza kuvumilia mwaka mmoja wa oda ndogo ndogo, baki.

Nina vitabu kadhaa vya herufi, vya mtumba, naweza kukuazima kimoja kimoja. Vingine ulizia Maktaba ya Mkoa. Na Jumamosi hii mzee wa Igogo anaandika bango la duka la nyavu, herufi 14, tunaanza saa mbili asubuhi. Ukija, njoo na nguo za kazi, kuna bati la kusugua kutu kwanza.