Si lazima ajue Kigiriki

Dada, unaogopa mwanao hataliweza somo la Ustaarabu wa Kale kwa kuwa hajui Kigiriki. Usimtie hofu, hahitaji kujua hata herufi moja ya Kigiriki. Kwenye A-level ya Uingereza, mitihani ya mwisho ya sekondari, kuna masomo mawili watu huyachanganya: Kigiriki cha Kale, ambacho ni lugha yenyewe, na Ustaarabu wa Kale, unaosomwa kwa tafsiri ya Kiingereza. Yeye kachagua hili la pili. Atasoma Iliad au Odyssey, tenzi za kale za Wagiriki, na Aeneid, utenzi wa Warumi, juu yake.

Jamii ya Wagiriki wa kale, jinsi walivyoishi, ataikuta humo humo kwenye hadithi. Odyssey, kitabu cha 14: Odysseus, shujaa wa utenzi huo, anafika kwa mtumwa wake mwenyewe, mchunga nguruwe, akiwa kageuzwa ombaomba na mungu wa kike Athena. Yule mtumwa hamhoji. Anamtandikia matawi na ngozi ya mbuzi anayolalia yeye, anachinja vinguruwe viwili, na mgeni akishashiba ndipo anaulizwa katoka wapi. Hiyo ndiyo xenia, ukarimu kwa wageni, uliolindwa na Zeus, mkuu wa miungu yao. (Kwetu siku ya tatu angepewa jembe!) Halafu alinganishe na zimwi la jicho moja, kitabu cha 9: linauliza kwanza, kisha linawala wageni. Hapo ana insha nzima.